Mkono wa Nyuma ya Ukuta

Baba mkwe wangu nilimjua kwa viatu, kwa kikohozi na kwa sauti. Uso wake sikuwahi kuuona. Jina lake silitamki, na kwa kuwa silitamki, hata hapa sitaliandika.

Kwetu huku Rungwe mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akitokea njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akikaa sebuleni, unazunguka nyuma ya nyumba. Siku hizi Wakristo wengi wameacha, na mjini Tukuyu utakuta mkamwana na baba mkwe wanasikiliza redio moja. Lakini mama mkwe wangu, Mama Ezron, hakuwa mtu wa kuacha jambo alilolikuta. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilikutana na mzee kwenye kona ya njia ya kisimani, mvua inanyesha, kila mtu kainamisha kichwa chake. Niliona viatu vyeusi vya ngozi, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikarukia migombani, ndoo ikamwagika. Mwezi uleule mimba yangu ikatoka. Mama hakunigombeza. Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akasema, "Umeona?"

Mzee alikuwa mtu wa kazi mbili. Kazi ya mshahara ilikuwa utafiti wa magonjwa ya kahawa, kwenye kituo kimoja huko kaskazini. Kazi ya moyoni ilikuwa kutunga vitabu. Alitunga viwili, vikasomwa. Halafu likaja soko huria. Kituo kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Shirika lililochapa vitabu vyake likafunga milango. Akarudi huku kwetu Masoko na kasha la chai lililojaa vitabu, miche mitatu ya kahawa kwenye gunia, na macho yanayokufa. Daktari wa Mbeya alimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa kuja.

Basi akabaki na haja moja tu, kuandika kitabu cha maisha yake kabla hajafa. Maneno alikuwa nayo. Mkono ndio hakuwa nao.

Alianza na mume wangu. Ezron siku hizo alikuwa anauza mitumba Kiwira siku za gulio, na siku nyingine anapakia makaa ya mawe kwenye malori. Alikuwa akifika nyumbani na usingizi machoni. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikawasikia dirishani.

"Soma ulichoandika," alisema mzee.

Ezron akasoma, "Nilizaliwa Masoko, karibu na ziwa, na kadhalika."

"Na kadhalika nini?"

"Si ulitaja vitu vingi, baba. Nimefupisha."

"Nimeishi miaka yote hii, wewe unanifupisha kwa na kadhalika?"

"Baba, unasema haraka mno."

"Nasema taratibu kama mtu anayeshusha jeneza!"

"Haya, mimi jeneza siandiki. Nimebeba makaa tangu asubuhi."

Akatoka, akalala. Kesho yake mama ndiye aliyelileta wazo. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Tupokigwe anaandika vizuri. Taarifa za akina mama kanisani anaandika yeye. Kasoma mpaka la saba."

Mzee akacheka. "Atuganile, leo wewe ndiye unayetaka mkamwana akae na mimi?"

"Nani kasema akae na wewe? Ukuta si upo?"

Ukuta ulikuwepo kweli. Nyumba yetu ni ya matofali, lakini chumba cha mzee na stoo ya mazao vilitenganishwa kwa mbao tu, zimesimamishwa kutoka sakafu ya udongo mpaka juu. Mama akaniwekea kigoda stoo, katikati ya mahindi na ndizi zilizofunikwa ziive, akanipa ubao wa kukandia maandazi niuweke mapajani kama meza. Akanielekeza kama anayeelekeza mtoto: yeye atasema huko, wewe utaandika huku. Usimjibu. Usikohoe kwa makusudi. Ukishaandika, gonga ukuta mara moja. Ukitaka arudie, gonga mara mbili.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, kila alasiri mvua inapotuondoa shambani.

"Mkono, upo?" alikuwa akiuliza. Hilo ndilo jina alilonipa, maana la kwangu naye alikuwa hasemi.

Nagonga mara moja.

"Haya. Andika. Hadubini ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya shaba, mkato, nzito kama mtoto wa miezi sita, nukta."

Nagonga.

Mwanzoni nilikuwa nagonga mara mbili mpaka mkono unauma. Hadubini sikuijua. Akanieleza bila kukasirika: ni chombo cha kukuzia vidogo, ukiweka jani la mbuni chini yake unaona kuvu imekaa humo kama kijiji. Chulebuni nilikuwa naijua, nani huku asiyeijua. Ni ule ugonjwa unaozesha buni zingali mbichi mtini. Lakini sikujua kwamba kuna mtu anaweza kuutazama miaka ishirini. Alisema alikuwa akichukua unga wa ua la mbuni huu kuutia kwenye ua la mbuni ule, anafunga ua kwa kifuko, anasubiri buni, anaotesha, anasubiri tena miaka mitatu mti uzae, ili aone kama mtoto huyo anaugua au haugui. Wakati wa kusubiri ndipo alipokuwa anatunga hadithi. Aliniandikisha hivi, nakumbuka: "Wenzangu wa maabara walisema, huyu anatunga uongo usiku, taarifa zake za mchana tutaziaminije? Na watunzi wenzangu waliniita mganga wa mibuni. Pande zote mbili nilikuwa mgeni."

Miti ile aliyoisubiri ilipofika umri wa kujibu swali lake, wafadhili wakaondoka, na shamba la majaribio likapewa mtu wa kulima maua. Ikang'olewa. Alichookoa ni miche mitatu ile, aliyoipanda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa akianikia nguo juu yake.

Si kwamba alikuwa mtu wa huzuni tu. Siku moja alinisimulia alivyokwenda Dar kudai vitabu vyake baada ya shirika kufungwa, akaambiwa vitabu vyote vya ghalani vimeuzwa kwa kilo, kama karatasi chakavu. Akatoka, akanunua karanga sokoni. "Nikafungua karatasi iliyofungia karanga, mkato, nikakuta ni sura yangu ya pili, nukta. Nikala karanga huku nasoma, nikafika mwisho wa ukurasa mahali patamu, nukta. Nikarudi kwa muuzaji nikamwambia, mama, naomba ukurasa unaofuata, nukta. Akaniambia, mzee, nunua karanga nyingine."

Nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa kanga lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

Upande wa pili mzee akaita, "Atuganile! Stoo kuna panya anacheka. Mtegee."

"Panya gani?" mama aliuliza toka jikoni.

"Panya aliyesoma mpaka la saba."

Na siku nyingine, mama akiwa shambani, aliandikisha habari za mama mwenyewe. Alisema aliporudi likizo ya kwanza na hadubini ya kuazima, kijiji kizima kilipanga mstari kuchungulia jani lenye ugonjwa. Wengine walichungulia wakaruka nyuma, wengine wakauliza kama chombo hicho kinaweza kuona fedha zilizozikwa. Msichana mmoja alikaa na jicho lake pale mpaka watu wakaanza kunung'unika, kisha akasema, "Kumbe wanaula mti kwa sababu hauwezi kukimbia." Msichana huyo ndiye Atuganile. "Sentensi hiyo niliiba, nukta. Niliiweka mwanzo wa kitabu changu cha kwanza, mkato, na kila aliyenisifu alinisifu kwa hiyo, nukta. Sijawahi kumwambia, nukta. Kitabu hiki kikichapwa atasomewa, nukta."

Niligonga mara moja. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Karatasi nilizomaliza nilimpa mama, mama akazunguka kumpelekea. Mzee mwenyewe ndiye aliyezipanga ndani ya lile kasha la chai, chini ya kitanda. Hakutaka mtu aliguse. Kazini aliwahi kumwachia mkubwa wake taarifa ya miaka mitano, ikatoka ikiwa na jina la yule mkubwa. Tangu hapo kila alichoandika alikilaza mwenyewe. Na alikuwa na sababu ya kuchagua kasha la chai. Ndani lina karatasi ya bati nyembamba, linazuia unyevu. Masoko kwetu mvua ikianza haijui kuacha, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kuvu. Kila jioni alifunua nailoni, akapapasa karatasi za juu, akazinusa. Nilikuwa nasikia pua yake ikivuta hewa.

"Hamna kuvu," alikuwa akisema, kama mtu anayefunga sala.

Kabla ya Kwaresima habari njema ikaja. Lazaro, aliyekuwa mhariri wake kule Dar, ameoa huku Rungwe, Bulyaga, na Pasaka atakuja ukweni. Baada ya shirika kufa, alinunua mashine ya zamani, anachapa kadi za harusi na kalenda za makanisa. Alituma neno kwamba kitabu kikiwa tayari atakibeba mwenyewe na kukichapa mwaka huohuo, maana mwakani mashine inauzwa, yeye anahamia kwa mwanawe Zambia.

Mzee akaanza kuandikisha kama anayekimbizwa. Kikohozi kilikuwa kimeshamkalia kifuani. Alikuwa akisema sentensi nusu, anakohoa, anamalizia. Na mimi nilikuwa na mimba tena, ya miezi minne, mgongo unauma kwenye kigoda, lakini sikulalamika. Nilitaka kujua mwisho.

Katika siku hizo ndipo nilipouona udongo. Nilikuwa nafagia stoo, nikaona mstari mbichi umepanda kwenye ubao kutoka sakafuni, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Nikaubomoa kwa ufagio, mchwa wakamwagika. Asubuhi yake mstari umerudi, na wa pili pembeni. Mbao zile zilianzia kwenye sakafu moja na kitanda cha mzee, na kasha lilikaa juu ya udongo uleule.

Nikamwambia mama. "Mama, mchwa wamepanda ukutani. Huko ndani kwa mzee kukoje?"

"Nimemwaga majivu kuzunguka kitanda."

"Na chini ya kasha?"

"Kasha nitaligusaje? Unamjua alivyo."

Nikamngoja Ezron. Alipokuja nikampa maji ya kuoga, nikampa chakula, nikamwambia akanyanyue kasha atazame chini yake. Akaenda. Nikamsikia huko.

"Baba, nataka kutazama karatasi zako kama ni kavu."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mvua tu."

"Weka mkono juu. Juu tu, usinivurugie mpangilio."

Ezron akarudi akijifuta mikono. "Kavu kabisa. Kavu kuliko shati langu."

"Chini je? Ulinyanyua?"

"Mwanamke, karatasi za juu ni kavu, za chini zitaloanaje? Mvua inatoka juu."

"Sikusema mvua. Nimesema mchwa."

"Nimechoka, Tupokigwe."

Mzee mwenyewe kila jioni aliendelea kupapasa za juu, na za juu zilikuwa nzima, kwa sababu ndizo nilizoandika jana.

Wiki ya Matawi mama alikwenda msibani ng'ambo ya mto, Ezron akiwa Kiwira. Tulibaki wawili, yeye kule, mimi huku. Alikuwa anaandikisha sura ya mwisho. Mvua ikakatika ghafla, bati likanyamaza, na ndani ya ukimya ule nikasikia kutoka chini, upande wake, mchakacho mdogo, mkavu, kama mtu anayetafuna maganda ya karanga mbali. Alisema, "Andika. Sikujutia hadubini wala sikujutia kalamu, nukta."

Sikuandika. Nikagonga mara mbili.

Akarudia, "Sikujutia hadubini wala sikujutia kalamu."

Nikagonga mara mbili tena, kwa nguvu. Nikagonga chini kabisa, karibu na sakafu, ili afuate sauti.

"Mkono, leo masikio yako yako wapi? Sikujutia. Hadubini. Wala. Sikujutia. Kalamu."

Nikagonga, nikagonga, nikagonga bila kuhesabu, chini pale mchwa walipo. Tulikuwa na lugha ya maneno mawili tu, nimeandika na rudia. La mchwa hatukuwa nalo. Yeye akazidi kurudia, kwa upole, kama mwalimu aliyepewa mtoto mzito, sentensi ileile, sentensi ileile, mpaka kikohozi kikamkamata.

Nilisimama nikaweka mdomo kwenye ufa wa ubao. Pumzi nilishaivuta. Mtoto akacheza tumboni, mara ya kwanza. Nikaiona ndoo iliyomwagika, nikamwona mama kwenye ukingo wa kitanda. Nikakaa. Nikaandika sentensi yake, nikagonga mara moja.

"Ahaa," alisema. "Afadhali."

Mama aliporudi toka msibani nilimwambia nimesikia mchwa wanakula ndani. Akaongeza majivu.

Lazaro alikuja Jumatatu ya Pasaka, mtu mfupi mwenye koti kubwa la mitumba na mwavuli uliovunjika mbavu. Nilikuwa jikoni, mlango umefunguka nusu, na kutoka pale naona ua wote. Walisalimiana sana huko ndani. Mzee alikuwa amevaa viatu. Nilivisikia vikigonga sakafu, kavifunga mapema tangu asubuhi.

"Mzee, hujazeeka."

"Ni wewe ndiye hujaniona vizuri, Lazaro. Na mimi sikuoni kabisa, kwa hiyo tuko sawa. Ezron, toa mzigo."

Ezron akaingia chini ya kitanda kuvuta kasha. Likaja kwa urahisi, naye alikuwa ameshajiandaa kwa uzito, karibu aanguke kinyumenyume. Akatoka nalo uani. Kitako cha kasha kilibaki chumbani, kimeshikamana na sakafu. Udongo ukawa unadondoka nyuma yake kama gunia lililotoboka.

Lazaro akafunua nailoni. Za juu nyeupe, mwandiko wangu, safi. Akaingiza mkono ubavuni kuzinyanyua zote, na mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa na udongo mwekundu, vipande vya karatasi vidogo kama kucha, na mchwa weupe wanapanda kwenye saa yake. Ile karatasi ya bati ilikuwa imechanika kwenye pembe za chini, labda tangu kiwandani. Ndipo walipoingilia.

Ezron alinitazama pale mlangoni, kisha akatazama chini. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama wanavyoshika msibani, lakini mdomo kaufumba.

"Lazaro!" mzee aliita toka ndani. "Umekiona?"

"Nimekiona, Mzee."

"Ni kizito?"

Lazaro alikuwa anatembea uani, kasha kalishika kwa mkono mmoja. "Kizito, Mzee. Kizito hasa."

"Kuvu je?"

"Hakuna. Hakuna hata kidogo."

"Nilikuambia!" alisema mzee, na nikasikia akipiga goti lake kwa furaha. "Ndaga fijo, asante sana, Lazaro. Ndaga fijo. Atuganile, mletee mgeni chakula."

Lazaro alikula matonge mawili. Akachukua zile karatasi za juu, akazifunga kwa uzi, akaziweka ndani ya koti, akaaga. Mama akapeleka kasha nyuma ya nyumba, karibu na ile mibuni mitatu, akalimwagia mafuta ya taa akalichoma. Alisema mchwa wasije wakahamia kwenye paa. Akatuonya sote, mzee asiambiwe. Kifua chake hakitabeba. Ezron akaitikia. Mimi sikuulizwa, mimi si siongei naye.

Kesho yake alasiri niliingia stoo kuchukua mahindi.

"Mkono, upo?"

Nilisimama na ungo mkononi. Kitabu kilikuwa kimekwisha, sikutegemea kuitwa. Nikagonga mara moja.

"Kaa."

Nikakaa.

"Sina cha kuandikisha. Nataka kukuuliza, nawe utanijibu. Ndiyo ni mara moja. Hapana ni mara mbili. Wewe hujawahi kuniandikia nisichosema." Akakohoa. "Jana nilimsikia Ezron akipepesuka. Mtu hupepesuka hivyo akinyanyua kitu chepesi aliposubiri kizito. Halafu Lazaro akaniambia kizito, sauti yake ikitoka kwenye mwendo. Mtu aliyebeba karatasi zile zote hatembei akiongea. Halafu Atuganile akachoma kitu nyuma, na mimi kasha langu nalijua harufu, nimelala juu yake. Kitabu kimeliwa?"

Nilitazama ubao. Kulikuwa na mstari mpya wa udongo, wameshaujenga tena.

Nikagonga mara moja.

"Mchwa?"

Mara moja.

Nilidhani analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kucheka, fupi, ya kifuani. "Basi si kuvu," alisema. "Kuvu nilimzibia mlango miaka yote. Siku ile uligonga sana... ulikuwa unaniambia?"

Mara moja.

"Na mimi nikakufundisha kusikia."

Nilitaka kumwambia kwamba za juu zimebaki, kwamba sentensi ya hadubini na kalamu ipo. Lakini hakuuliza, na mimi kugonga bila kuulizwa nilishajaribu.

"Ndaga, Mkono," alisema. Nikasikia viatu vikivuliwa, kimoja, halafu kingine, na kitanda kikilia.

Siku zilizofuata niliendelea kwenda kukaa stoo mvua ikinyesha. Ubao wa maandazi mapajani, kalamu, karatasi. "Mkono, upo?" alikuwa akiuliza. Nagonga. "Basi," anasema. Hakuna kilichofuata. Baadaye akawa haulizi.

Alifariki Julai, kwenye baridi. Vijana waliokuja kuchanja kuni za msiba waliikata ile mibuni mitatu, maana ilikuwa karibu na haikuwa na buni. Nilikuwa nimekaa na wanawake waombolezaji, mkamwana wa marehemu, kichwa nimekifunika. Niliwaona. Nilimnong'oneza aliyekaa karibu nami kwamba ile ni ya mzee, akasema, "Mama, moto utawashwa na nini?" Kwenye kuaga mwili nilibaki nje.

Septemba nikajifungua mtoto wa kiume, mzima, akapewa jina la babu yake. Kwa hiyo hata mwanangu simwiti jina.

Lazaro aliturudishia zile karatasi kwa mkono wa mtu wa Bulyaga, uzi ni uleule, na salamu. Alisema kitabu hakiwezi kuanzia mwisho, na mashine ameshauza.

Jumapili moja baada ya ibada mama akazitoa kwenye kanga aliyozifungia. Akakaa kwenye mkeka, akamlaza mtoto miguuni pake. "Nisomee," alisema.

Nikamsomea. Zinaanzia katikati ya sentensi. Zinahusu kupunguzwa kazi, safari ya basi na miche kwenye gunia, daktari wa Mbeya, na ile ya mwisho ya hadubini na kalamu. Mama alisikiliza akitikisa kichwa kidogo pale alipoisikia sauti ya mumewe. Nilipomaliza alingoja kidogo, kama anayedhani nimepumzika.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi ananitaja wapi?"

"Alikutaja sana, mama. Kule chini."

"Chini wapi?"

"Zilizoliwa."

Alimfunika mtoto vizuri. "Alisemaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya mstari wa watu, ya fedha zilizozikwa, ya msichana aliyekaa na jicho lake kwenye hadubini mpaka watu wakanung'unika, na lile neno alilolisema. Nikamwambia kwamba neno hilo ndilo lililofungua kitabu cha kwanza, na kwamba mzee aliandika ni lake, Atuganile, na kwamba aliliiba. Nilijitahidi kulisema alivyolisema yeye, na mikato yake, lakini lilitoka kwa mdomo wangu, jepesi, kama habari ya jirani.

Mama alifikiri sana.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hadubini naikumbuka. Watu nawakumbuka. Lakini mimi sikusema hivyo. Labda alitunga." Akazifunga karatasi tena kwenye kanga, fundo juu ya fundo. "Si alikuwa mtunzi."